Anthropolojia na Utafiti wa Utamaduni: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Lamu

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya wanafunzi wa Lamu wanaofikiria kusomea anthropolojia, vijana wanaoajiriwa kuwasaidia watafiti wageni, na wazee na kina mama ambao mara kwa mara hubishiwa hodi na mtu mwenye daftari na kinasa sauti. Maswali ni yale yanayorudiwa barazani na madarasani. Baadhi yamejibiwa kwa kirefu kwa sababu ndiyo yanayozua utata. Mengine hayahitaji maneno mengi.

Anthropolojia ni nini hasa?

Ni taaluma inayomchunguza binadamu kwa ujumla wake: mwili na chimbuko lake, lugha yake, mabaki aliyoyaacha ardhini, na maisha yake pamoja na wenzake, kuanzia jikoni hadi sokoni na kuanzia msikitini hadi mahakamani. Kwa desturi iliyojengeka Marekani, taaluma hii ina matawi manne, yaani anthropolojia ya utamaduni, anthropolojia ya kibiolojia, akiolojia na anthropolojia ya lugha. Uingereza, na pia katika vyuo vingi vya Kenya, akiolojia hufundishwa kando, na mtu akisema anasomea anthropolojia kwa kawaida huwa anakusudia utafiti wa jamii na utamaduni.

Pwani yetu haikosi mfano wa tawi lolote kati ya hayo. Katika pango la Panga ya Saidi, Kaunti ya Kilifi, watafiti wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya pamoja na wenzao wa nje walifukua kaburi la mtoto wa miaka baina ya miwili na nusu na mitatu, aliyezikwa takriban miaka 78,000 iliyopita. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021, na hilo ndilo kaburi la kale zaidi la binadamu wa kisasa kuwahi kupatikana Afrika. Magofu ya Shanga na Manda ni mahali pa akiolojia. Lahaja za Kiamu, Kipate, Kisiu na Kitikuu ni uwanja wa mwanaisimu. Maulidi, harusi, ujenzi wa vyombo na biashara ya samaki ni mambo ya mtafiti wa utamaduni.

Inatofautiana vipi na historia au uandishi wa habari?

Mwanahistoria hutegemea zaidi nyaraka na masimulizi ya yaliyopita, na mwandishi wa habari hufuata tukio kisha akaondoka. Mwanaanthropolojia hukaa. Hujifunza lugha, hurudi kwa watu wale wale, na hupendezwa na siku za kawaida kuliko siku za tukio, kwa sababu katika siku za kawaida ndimo mnamofichika kanuni ambazo hakuna anayezitamka.

Utamaduni ni nini? Si ngoma na mavazi?

Ngoma na mavazi yamo, lakini ni sehemu ndogo. Mwingereza Edward Burnett Tylor aliandika mwaka 1871 kwamba utamaduni ni ule mjumuiko mzima wa maarifa, imani, sanaa, maadili, sheria, desturi, na uwezo na mazoea mengine ambayo mtu huyapata kwa kuwa mwanajamii. Jambo lenye uzito hapo ni kwamba utamaduni hupatikana kwa kujifunza, haurithiwi kwa damu. Mtoto aliyezaliwa popote duniani akalelewa Mkomani, mtaa wa Lamu, atakuwa mtu wa Mkomani kwa lugha, kwa adabu na kwa hata namna ya kukaa barazani.

Tazama nyumba kongwe ya mawe. Mgeni wa kiume hukaribishwa dakani, yaani ukumbi wa mlangoni. Wa karibu zaidi huvuka ua. Na ndani kabisa, penye zidaka (vishubaka vya ukutani) zilizonakshiwa, hafiki kila mtu. Hakuna kibao kinachosema nani aishie wapi, na bado kila aliyelelewa humo anajua. Mpangilio huo wa vyumba ni utamaduni uliojengwa kwa matumbawe na chokaa, na watafiti kama Usam Ghaidan katika miaka ya 1970 na Linda Donley katika miaka ya 1980 waliweza kueleza mengi kuhusu familia, jinsia na heshima kwa kuusoma mpangilio huo tu.

Sehemu nyingine ya mawazo ya Tylor imekataliwa. Yeye na wenzake waliamini kwamba jamii zote hupanda ngazi moja kutoka ushenzi hadi ustaarabu, na kwamba Ulaya imekwisha fika kileleni. Ni haki pia kusema kwamba fikra ya kuwapanga watu kwa ngazi haikuletwa pwani na Wazungu peke yao: miji yetu ilikuwa na waungwana, watumwa na walioitwa washenzi, na majina hayo yaliamua nani amwoe nani na nani akae safu gani. Mtafiti wa Lamu hawezi kulipita hilo kimya.

Kuna kanuni ya kutohukumu desturi za wengine. Je, ina maana kila desturi ni sawa?

La. Kanuni hii inahusishwa zaidi na Franz Boas, Mjerumani aliyeanza kama msomi wa fizikia, akaenda kuishi na Wainuit wa kisiwa cha Baffin mwaka 1883, na baadaye akafundisha kwa miaka mingi Chuo Kikuu cha Columbia, Marekani. Alisisitiza kwamba desturi ieleweke kwanza kwa mizani ya wenyewe, ndani ya historia yao, kabla haijalinganishwa na nyingine. Huo ni utaratibu wa kazi, kama daktari anavyomsikiliza mgonjwa kabla ya kutoa dawa. Anayeanza kwa kulaani hatasikia lolote zaidi ya anayotaka kuyasikia, na anayeanza kwa kusifu naye vile vile.

Baada ya kuelewa, mtafiti anabaki kuwa mtu mwenye dhamira. Anaweza kuipinga desturi inayomdhuru mtoto, na upinzani wake utakuwa na nguvu zaidi kwa kuwa anajua inalindwa na nani, kwa hoja gani, na kwa maslahi yapi.

Utafiti wa uwandani hufanywaje?

Njia kuu huitwa uchunzaji shiriki: kuishi na watu, kufanya nao wanayoyafanya, na kuandika. Aliyeupa utaratibu huu sura yake ya kitaaluma ni Bronisław Malinowski, Mpolandi aliyefanya utafiti katika visiwa vya Trobriand, kaskazini-mashariki mwa Papua Guinea Mpya, kati ya mwaka 1915 na 1918. Alipiga hema kijijini, akajifunza Kikilivila, na akafuatilia safari za mitumbwi zilizobeba mikufu na bangili za makombe kutoka kisiwa hadi kisiwa. Kwa jicho la mpita njia zile zilikuwa safari za hatari kwa ajili ya vitu visivyo na faida. Kitabu chake cha mwaka 1922 kilionyesha kwamba mikufu ilizunguka upande mmoja na bangili upande wa pili, na kwamba mzunguko huo ulifunga urafiki, heshima na biashara kati ya watu waliotengwa na bahari. Msomaji wa Lamu hahitaji kushawishiwa kwamba safari ya chombo ni zaidi ya shehena.

Kwa nini isitoshe kuuliza maswali? Chukua mfano wa Matondoni, kijiji kinachosifika kwa mafundi wa vyombo. Ukimuuliza fundi anajuaje mpindo wa taruma, yaani ubavu wa mbao wa chombo, huenda akakujibu kwamba ni jicho tu. Jibu hilo ni la kweli, ila halitoshi. Mtafiti anayekaa bandani, akapewa ubao wa kushika na pamba ya kukalafati ya kusokota, ataanza kuona kazi ya jicho hilo: fundi huchagua tawi lililopinda lenyewe kabla ya kulichonga, hulisimamisha ubavuni mwa chombo, husogea nyuma hatua chache, huinamisha kichwa, hulitoa na kulipunguza kidogo sana, kisha hulirudisha. Kijana anayejifunza haelezwi kwa sentensi. Huachwa ajaribu, na hurekebishwa kwa kidole kilichowekwa mahali palipozidi. Elimu hiyo yote haimo katika mahojiano, kwa sababu mwenyewe hana haja ya kuitia maneno. Mholanzi A. H. J. Prins, aliyechapisha mwaka 1965 utafiti wake kuhusu utamaduni wa bahari wa Lamu, aliweza kueleza vyombo, misimu ya kaskazi na kusi, na mahusiano ya nahodha na mabaharia kwa sababu alikuwa karibu na kazi yenyewe.

Kwa desturi utafiti wa namna hii huchukua mwaka mmoja au zaidi, ili mtafiti aone mzunguko kamili wa misimu. Anayefika Lamu wakati wa kaskazi peke yake, au aliyekuja mwezi wa Ramadhani akaondoka baada ya Idi, ameona Lamu moja kati ya kadhaa.

Daftari la uwandani liandikwe vipi?

Hili ndilo jambo ambalo wanafunzi hulidharau na ndilo linaloamua kazi itakuwa nzuri au mbaya. Mtu akiandika, "Wazee walikaa barazani wakazungumza siasa," hajaandika kitu. Sentensi hiyo ingeweza kuandikwa na mtu ambaye hakuwapo. Aandike hivi: baada ya sala ya laasiri, watu sita, wawili si wa mtaa huu, aliyetoka safari alipewa kahawa kwanza ingawa alikuwa mdogo kwa umri kuliko mwenyeji, mazungumzo yalikuwa ya bei ya kamba wa baharini, yakabadilika kuwa ya mvua pale mtu fulani alipopita, yakarudia bei ya kamba alipokwisha kata kona. Sasa kuna maswali ya kuuliza. Kwa nini walinyamaza? Aliyepita ana nafasi gani katika biashara ya kamba?

Yaliyoonekana yatenganishwe na maoni ya mwandishi, hata kama ni kwa mstari tu pembeni mwa ukurasa. Maneno ya watu yaandikwe kwa lahaja waliyoyatamkia, wala yasisafishwe kuwa Kiswahili sanifu. Na kila siku iandikwe siku hiyo hiyo kabla ya kulala, kwa maana kumbukumbu hupanga mambo kwa namna inayompendeza mwenyewe. Mmarekani Clifford Geertz, katika insha ya mwaka 1973, alieleza lengo la maandishi haya kwa mfano alioukopa kwa mwanafalsafa Gilbert Ryle: kope inayocheza na jicho linalokonyeza huonekana sawa kwenye picha, lakini moja ni mwili tu na jingine ni ujumbe, na kazi ya mtafiti ni kuandika kwa kina cha kutosha ili msomaji atambue tofauti.

Mahojiano, hojaji na nasaba vina nafasi gani?

Hojaji inafaa pale unapotaka idadi: kaya ngapi zinategemea uvuvi, watoto wangapi wanasoma madrasa na shule kwa pamoja. Mahojiano yaliyo wazi, ambapo mhojiwa anaachiwa nafasi ya kusimulia, yanafaa pale unapotaka kujua jambo lina maana gani kwake. Anayeuliza ajifunze kunyamaza. Jibu la pili, linalokuja baada ya kimya kifupi, mara nyingi huwa bora kuliko la kwanza.

Njia ya nasaba ilitengenezwa na Mwingereza W. H. R. Rivers wakati wa msafara wa mwaka 1898 katika visiwa vya mlangobahari wa Torres. Mtafiti huchora pembetatu kwa mwanamume, duara kwa mwanamke na alama ya usawa kwa ndoa, kisha humwomba mtu amtajie jamaa zake mmoja mmoja. Mchoro unaonekana mkavu, lakini hufungua mlango wa kila kitu: nani anarithi, nani anasimamia harusi, nani anaruhusiwa kumtania nani, nani anaombwa nauli ya kwenda hospitali ya Mombasa. Mtu wa Lamu akimtaja fulani kuwa ndugu, isiandikwe hivyo ikaishia hapo. Ni ndugu wa tumbo moja, wa baba mmoja, wa kunyonya, au wa ukoo? Udugu wa kunyonya huzuia ndoa kama wa damu, na mtafiti asiyeuliza habari zake atashindwa kueleza kwa nini watu wawili wanaoonekana kufaana hawakuoana.

Nihoji watu wangapi?

Inategemea swali. Uchambuzi mmoja uliochapishwa mwaka 2006, uliotumia mahojiano 60 ya wanawake wa Ghana na Nigeria, uligundua kwamba mawazo makuu karibu yote yalikuwa yamekwisha jitokeza katika mahojiano 12 ya kwanza. Tarakimu hiyo isigeuzwe kuwa sheria, kwa sababu wale wanawake walikuwa wa kundi linalofanana na waliulizwa maswali yale yale. Kinachofaa ni kuendelea mpaka mahojiano mapya yasilete jambo jipya, na kuhakikisha kwamba waliohojiwa si marafiki wa rafiki mmoja. Mtafiti anayepelekwa kila mahali na kijana mmoja wa Langoni atarudi na Lamu ya kijana huyo.

Mimi ni mzaliwa wa hapa. Nisomee nini ambacho sikijui?

Swali hili huulizwa kwa uchungu, na linastahili jibu la heshima. Mwenyeji ana mali ambayo mgeni huitafuta kwa miaka: lugha, imani ya watu, na uwezo wa kutambua mzaha. Lakini mwenyeji huacha kuona alichokizoea, na mara nyingi hafikirii kuuliza swali ambalo jibu lake analidhani liko wazi. Zaidi ya hayo, mwenyeji hana sehemu moja tu ya kusimama. Ana ukoo, mtaa, jinsia na umri, na kila kimoja humfungulia mlango na kumfungia mwingine. Mwanamume wa Lamu anaweza kuhudhuria nikahi zote za mji na bado asijue yanayopita katika ukumbi wa wanawake siku ya kupaka hina: nyimbo, mafumbo, zawadi na maamuzi yanayofanywa pale. Kwa muda mrefu maandishi kuhusu pwani yaliandikwa na wanaume waliozungumza na wanaume. Kitabu cha Mfaransa Françoise Le Guennec-Coppens kuhusu wanawake wa Lamu, kilichotoka mwaka 1983, kilionyesha kiasi gani kilikuwa kimeachwa nje. Wasichana wa Lamu wanaosomea taaluma hii wana kazi kubwa inayowasubiri, na hakuna atakayeifanya vizuri kuliko wao.

Mfano wa mwenyeji aliyeandika kuhusu watu wake upo hapa hapa nchini. Jomo Kenyatta alisoma London chini ya Malinowski na mwaka 1938 akachapisha kitabu kuhusu Wagĩkũyũ, ambamo alitumia mbinu za kitaaluma kutetea ardhi na desturi za jamii yake mbele ya wakoloni. Wapo waliomlaumu kwa kuipaka jamii hiyo rangi ya kupendeza kupita kiasi, na lawama hiyo nayo ni funzo kwa kila anayeandika kuhusu kwao.

Je, anthropolojia imethibitisha kuwa Waswahili ni Waarabu au ni Waafrika?

Swali lenyewe limekaa vibaya, ila ushahidi uliopo ni mwingi na unafaa kujulikana. Wanaakiolojia wa kwanza waliofanya kazi kubwa pwani, kama James Kirkman aliyefukua Gedi kuanzia mwaka 1948 na Neville Chittick aliyefukua Manda, walielekea kuiona miji hii kama kazi ya wageni waliovuka bahari. Ufukuzi wa Mark Horton huko Shanga, kisiwani Pate, katika miaka ya 1980 ulibadilisha mjadala. Shanga ilianza katika karne ya 8 kama makazi ya nyumba za udongo na miti, na chini ya msikiti wa mawe kulikuwa na misikiti midogo iliyotangulia, ukiwemo wa miti, mmoja juu ya mwingine. Mji ulikua kutoka ndani yake wenyewe, huku ukifanya biashara na ng'ambo. Isimu nayo inasema wazi: Kiswahili ni lugha ya Kibantu, jamaa wa karibu wa Kimijikenda, Kipokomo na Kikomoro, japo kimekopa maneno mengi ya Kiarabu.

Mwaka 2023 ukatoka utafiti wa chembe za urithi za watu 80 wa kale, wengi wao kutoka makaburi ya miji ya pwani kama Manda, Faza, Mtwapa na Kilwa. Miongoni mwa viongozi wake alikuwa mwanaakiolojia Mkenya Chapurukha Kusimba. Ulionyesha kwamba kwa watu wengi wa pwani wa zama hizo, sehemu kubwa ya asili yao ilikuwa ya Kiafrika na ilitoka zaidi kwa akina mama, na sehemu nyingine kubwa ilikuwa ya Kiasia, hasa ya Uajemi, iliyotoka zaidi kwa wanaume, na kwamba mchanganyiko huo ulianza takriban mwaka 1000. Asili ya Arabuni iliongezeka katika karne za baadaye. Wazee waliosimulia habari za Washirazi, wahenga waliotoka Uajemi, kwa hiyo, hawakuwa wakitunga tu. Hata hivyo makaburi hayo mengi ni ya watu wenye hadhi waliozikwa karibu na misikiti, kwa hiyo hayawakilishi kila aliyeishi mjini, na watumwa, wakulima na wavuvi huenda walikuwa na historia nyingine. Tena mtu hawi Mswahili kwa asilimia ya chembe za urithi. Huwa Mswahili kwa lugha, kwa malezi, kwa mji anaodai na unaomkubali.

Anthropolojia inapingana na dini?

Anthropolojia haitoi fatwa. Mtafiti anayeandika kuhusu ngoma za pepo au kuhusu Maulidi ya Msikiti wa Riyadha haamui kama jambo hilo ni halali au ni bidaa. Anaeleza nani hushiriki, wanasema nini, nani anapinga, na mabishano hayo yamebadilikaje. Abdul Hamid el-Zein, Mmisri aliyekaa Lamu na kuchapisha mwaka 1974 uchunguzi wa dini na tabaka katika mji huu, alionyesha jinsi kuja kwa Habib Swaleh, mwasisi wa msikiti huo, na mafundisho yake kulivyogusa nafasi ya watu walionyimwa heshima na wenye mji. Hata kabla ya taaluma hii kupewa jina, al-Biruni aliandika kuhusu Wahindi katika karne ya 11 kwa kujifunza lugha yao na kusoma vitabu vyao, na Ibn Khaldun mwaka 1377 alitafuta kanuni za kuinuka na kuanguka kwa dola.

Suala la chimbuko la mwili wa binadamu ni la tawi la kibiolojia, na ushahidi wake mwingi umetoka Kenya, ukiwemo mfupa wa kwanza wa yule aitwaye kijana wa Turkana, aliyeishi zaidi ya miaka milioni 1.5 iliyopita, uliogunduliwa na Kamoya Kimeu mwaka 1984. Mwanafunzi anatakiwa aujue ushahidi huo na hoja zake. Namna ya kuuweka pamoja na imani yake ni jambo la nafsi yake na walimu wake wa dini.

Si kweli kwamba taaluma hii ilikuwa chombo cha wakoloni?

Kwa sehemu ni kweli. E. E. Evans-Pritchard alianza utafiti wake wa Wanuer mwaka 1930 kwa ombi la serikali ya Kiingereza na Kimisri ya Sudan. Okot p'Bitek wa Uganda, aliyesomea anthropolojia Oxford, alipinga vikali namna wasomi wa Magharibi walivyoziandika dini za Kiafrika, na mwaka 1973 Talal Asad alihariri kitabu kilichoikabili taaluma na uhusiano wake na ukoloni. Shajara za Malinowski mwenyewe, zilizochapishwa mwaka 1967 baada ya kifo chake, zilijaa maneno ya kuudhi kuhusu watu aliokuwa akiishi nao.

Kuna upande mwingine pia, na mfano wake umetoka bara ya Malindi na Kilifi. Wagiriama husimamisha vigango, nguzo za mbao zilizochongwa kwa ajili ya marehemu wa Gohu, chama cha wazee wa Kigiriama, na hazitakiwi kung'olewa. Tangu miaka ya 1970 vigango vingi viliibwa na kuuzwa kwa wakusanyaji wa Marekani. Mwanaanthropolojia Monica Udvardy alimpiga picha mzee mmoja mwaka 1985 akiwa kando ya vigango viwili vya ndugu zake. Muda mfupi baadaye vikaibwa. Mwaka 1999, katika mkutano wa wataalamu Marekani, akaonyeshwa picha ya kimoja kikiwa katika makumbusho ya jimbo la Illinois. Picha yake ya zamani ikawa ushahidi usiopingika, na mwaka 2007 kigango hicho kilirudishwa kwa familia. Ile picha ilikuwa na tarehe, mahali, jina la mwenyewe na maelezo ya vigango vile ni vya nani. Bila maandishi hayo ingekuwa picha ya mzee na mbao mbili.

Mtafiti akinijia, nina haki gani?

Una haki ya kujua yeye ni nani, ametumwa na nani, anataka nini, na maneno yako yatakwenda wapi. Una haki ya kukataa, kukataa swali moja tu, kukataa kurekodiwa, na kujitoa baadaye bila kueleza sababu. Aonyeshe leseni ya Tume ya Taifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu, ambayo hutolewa kwa sheria ya mwaka 2013, na kibali cha kamati ya maadili ya utafiti. Anayetaka kufukua ardhi ana ruhusa nyingine ya kuomba chini ya sheria ya makumbusho na turathi ya mwaka 2006. Sheria ya kulinda data ya mwaka 2019 inahusu sauti yako, picha yako na nambari yako ya simu.

Ridhaa si sahihi kwenye karatasi tu. Mtu aliyeletewa mgeni na chifu anaweza kukubali kwa kuona haya, na mtafiti mwadilifu hulitambua hilo akampa nafasi ya kukataa kwa heshima. Tahadhari ya ziada inahitajika katika mji mdogo, ambapo kubadilisha jina hakutoshi: ukiandika "mjane mwenye duka la vitambaa karibu na gati," mji mzima umemjua.

Taaluma hii inaleta kazi gani?

Wahitimu hufanya kazi katika makumbusho, afya ya jamii, mashirika ya maendeleo, vyuo, na tathmini za athari za miradi. Hii ya mwisho inatugusa moja kwa moja. Gati la kwanza la Bandari ya Lamu lilifunguliwa mwaka 2021, lakini mwaka 2018 Mahakama Kuu ilikuwa imekwisha amua, katika kesi iliyofunguliwa mwaka 2012, kwamba haki za wakaazi, ikiwemo haki ya utamaduni, zilikiukwa, na ikaamuru fidia ya takriban shilingi bilioni 1.76 kwa wavuvi wapatao 4,600. Kuieleza mahakama jinsi uvuvi wa kienyeji unavyofungamana na njia za maji, zana, majina ya mahali na urithi wa kazi kutoka baba hadi mwana ni kazi inayohitaji mtu aliyekaa na wavuvi na kuandika.

Nianzie wapi kabla ya kwenda chuo?

Mwombe bibi au babu akutajie nasaba yenu, uichore kwa alama zilizoelezwa hapo juu, na uandike pembeni pa kila jina alizaliwa wapi, alioa au kuolewa wapi, na alifanya kazi gani. Rudi baada ya wiki kadhaa umuulize tena, kisha umuulize shangazi yako peke yake. Masimulizi yatatofautiana. Yaandike yote mawili bila kuyapatanisha, na uandike nani alisema lipi, siku gani, na nani mwingine alikuwapo chumbani.